Mkoba wa Mtani Usiku wa Tuzo

Mimi ni wakala bora wa huduma za fedha wa kanda yetu nzima, na nalisema hili bila kuinamisha kichwa. Nilimaliza darasa la saba kule Madaba, nikafeli, na mwalimu akamwambia baba kwamba huyu mpe jembe tu, usipoteze ada. Leo watu wenye digrii mbili wananiita bosi wakitaka kutoa hela Jumapili, benki zikiwa zimefungwa. Sikurithi kitu. Sikuwa na mjomba serikalini. Kila tofali la duka langu pale Mfaranyaki, hapa Songea, nimelilipia mwenyewe, na vigae vyake ni rangi ya maziwa. Anayebisha aje aangalie.

Lakini nikikaa peke yangu siku hizi sikumbuki vigae. Nakumbuka baraza.

Baraza hilo liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na duka. Lilikuwa la mama mmoja fundi cherehani. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imepasuka, bati limelegea upande mmoja, na palikuwa na benchi ambalo wazazi walikaa kusubiri sare za shule. Mama huyo alikuwa Mhehe wa Iringa. Aliletwa Songea na mume dereva wa malori, mume akafa, yeye akabaki na cherehani ya kukanyaga na watoto watatu, akawasomesha wote kwa mguu wake huo huo.

Mimi ni Mngoni. Kwa asiyejua mambo yetu, Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wabaki kutukanana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na hukasiriki. Anaweza kubeba kitu chako, chochote kile, akaenda nacho, na wewe huendi polisi, unakwenda kukikomboa. Kubeba huko sisi tunaita kuteka. Unapeleka chumvi, au kuku, au maneno matamu kama huna kitu, unarudishiwa kilicho chako, mnacheka, na kesho anateka kingine.

Siku ya kwanza nilifika pale na mwavuli uliovunjika mbavu na kadi za vocha ndani ya boksi la viatu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Songea isiyo na haraka. Nikaomba nisimame kwenye kona mpaka ikatike, nikamwamkia kwa adabu kama nilivyolelewa, shikamoo mama. Aliniangalia juu ya miwani yake, akaniuliza kabila langu. Nilipomwambia, akasema yeye hapokei shikamoo ya mtu aliyekimbia kutoka Afrika Kusini mpaka hapa bila kugeuka nyuma hata mara moja. Nikamjibu kwamba afadhali sisi tuliokimbia, kuna wenzetu walibaki nyumbani wakawala mbwa waliokuwa wanawalinda. Alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Mvua ilikatika, mimi sikuondoka. Nilikaa kwenye kona ile miaka tisa.

Kitu cha kwanza alichoteka ni mwavuli wangu mpya, mkubwa, wenye rangi za kampuni ya simu. Aliufungua, akauegemeza begani, akatembea nao taratibu mpaka kwenye genge la nyanya akitangaza kwamba Mngoni kapata hela, mkanunue kwake vocha leo kabla hajazimalizia zote kwenye pombe ya komoni. Nikaukomboa kwa nusu kilo ya chumvi. Akateka simu yangu ya kwanza yenye kioo cha rangi, nikaikomboa kwa jogoo. Akateka kiti changu cha plastiki, akakikalia siku nne anashona, mimi nauza nimesimama. Siku niliyooa aliwahi mlangoni kwangu kabla ya maharusi, akamshika bibi harusi mkono, akasema huyu haingii ndani mpaka Mngoni alipe. Mke wangu nilimkomboa kwa doti mbili za kitenge, na mpaka leo analalamika kwamba nilimkomboa kwa bei ya chini.

Watu hudhani biashara ya uwakala ni mtaji. Hela kwenye simu na hela kwenye droo, basi. Mimi nimeifanya, nawaambia siyo hivyo. Mtu anayekupa hela yake uiweke kwenye simu anakupa jasho la mwaka mzima, na haoni inakokwenda. Anaona kidole chako kinabonyeza. Zile siku za mwanzo walikuwa wanakuja wakulima wa tumbaku kutoka upande wa Namtumbo, wamelipwa mauzo, noti zimefungwa kwenye soksi. Hawakunijua. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya kufuma, alisimama mbele yangu muda mrefu, halafu akageuka akamuuliza fundi cherehani kama mimi ni mtu wa kuaminika.

Mtani hakuinua uso kutoka kwenye pindo alilokuwa anashona.

"Ni mwizi," alisema. "Ila ni mwizi wangu. Akikuibia, njoo hapa."

Mzee akafungua soksi.

Nilichelewa kuuelewa ujanja ule. Mtaa mzima ulikuwa unaniona kila wiki natekwa kitu changu, sinuni, nakwenda kukikomboa. Watu wakaona huyu anatukanwa mchana kweupe na anacheka, ananyang'anywa na analipa, sasa hela yangu ataikimbiza wapi? Yule mama alinitangaza miaka tisa bila kunidai hata kodi ya kona. Na mimi, akili zangu zote hizi mnazozisikia, nilidhani wateja wanafuata uhodari wangu.

Uhodari ulikuwepo, sikatai. Nilifungua saa kumi na mbili asubuhi kabla ya wauza maandazi. Sikuwahi kumwambia mteja kwamba leo hakuna hela. Nilikuwa napanda bodaboda kwenda kuzitafuta na kurudi akiwa bado anamalizia chai. Nikapata uwakala wa benki moja, nikapata wa pili. Kiwanja cha ng'ambo kilipouzwa nilikinunua, nikajenga. Siku ya kuhamia nilivuka barabara na boksi langu la viatu, yeye nyuma yangu amebeba kiti kichwani, anawaambia watu wasilie sana, Mngoni hajafa, anakimbia tu kama kawaida yao.

Sasa nisimulie jambo ambalo sipendi kulisimulia.

Miezi michache baada ya kuhamia, benki ilinipa mashine ya kisasa ya kusoma kadi. Ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu. Siku hiyo alikuwepo ofisa wa benki, dada mmoja kutoka makao makuu, amekuja kukagua mawakala, ana kishikwambi mkononi na maswali mengi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nami nilikuwa nimevaa tai kwa mara ya pili maishani mwangu.

Mtani alivuka barabara na tepu yake ya kupimia shingoni. Aliingia, hakumsalimia mtu, akatangaza kwamba Mngoni kanunua redio isiyoimba, akainyanyua mashine kutoka kaunta na kutoka nayo nje. Foleni ikaangua kicheko. Ofisa akaruka kutoka kitini, akasema kaka, kifaa cha benki hicho kinaondoka. Mimi nilitakiwa nicheke. Nilitakiwa niseme nitakuja na kuku jioni. Badala yake nilimfuata mpaka barabarani, nikamshika kiwiko.

"Mama, hebu acha ujinga," nilimwambia. "Hii ni mali ya benki. Tuheshimiane."

Alisimama. Aliifuta mashine kwa upindo wa kitenge chake, ingawa haikuwa na vumbi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, bwana," akasema, akavuka barabara.

Kesho yake asubuhi nikamwamkia kwa sauti kutoka ng'ambo, shikamoo mama, kama nilivyomwamkia kila siku ya Mungu ili anitukane tuanze siku. Akajibu marahaba bwana, umeamkaje, watoto hawajambo? Kwa mtu mwingine hiyo ni salamu nzuri. Kwangu haikuwa. Tangu siku ya mvua ile alikuwa hajapata kuniitikia marahaba.

Miaka mitatu alinipa heshima. Alinipisha njiani. Aliniita bwana, aliniulizia hali ya biashara. Nikampelekea gunia la mchele, akalipokea akakunja goti kidogo, mwanamke anayelingana na mama yangu, akanishukuru mpaka nikataka kukimbia. Nikamletea fundi wa bati, akarekebisha lile lililolegea. Akaja dukani, akasimama kwenye foleni kama mteja, zamu yake ilipofika akasema asante sana bwana, Mungu akuzidishie. Nikamwomba radhi, tena si mara moja. Kila mara alijibu kwamba hakuna ubaya, yamekwisha. Na mimi nilikuwa naona kwamba yamekwisha kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe.

Biashara ilizidi kukua, nisiwadanganye. Nikaajiri wasichana wawili. Nikaweka feni mbili na kamera. Ila mtaa ulikuwa kimya. Nilinunua pikipiki mpya, hakuna mtu aliyeiteka. Ilikaa pale mlangoni inang'aa kama kitu cha mtu aliyehama.

Basi, kila mwaka watu wa huduma za fedha wa kanda yetu wana usiku wao wa tuzo. Wanakuja watu wa mabenki, wa bima, wa vyama vya kuweka na kukopa, wa kampuni za simu, na sisi mawakala. Mara mbili nilikuwa nimeingia kwenye watu watatu wa mwisho, nikasafiri mikoa ya watu, nikapiga makofi, nikarudi. Safari hii usiku ulikuja kufanyika Songea, na jina langu lilikuwemo tena. Nikapewa kadi mbili za wageni. Ya kwanza ni ya mke wangu, hiyo haina mjadala.

Wiki hiyo hiyo mke wangu alitoka kushonesha gauni kwa mtani, akanikalisha chini. Aliniambia yule mama anahama. Mtoto wake mkubwa kajenga Iringa, anataka mama yake apumzike, na cherehani imeshapata mnunuzi. Mwisho wa mwezi anaondoka. Mke wangu akaniuliza kama nitamwacha mama yule wa watu aondoke huku ananiita bwana.

Sikulala vizuri. Tuzo niliitaka, msinielewe vibaya, niliitaka kwa meno. Lakini nilijua kama ataondoka hivyo, kwa marahaba na kwa goti, atakuwa ameondoka na kitu ambacho sitaweza kukinunua tena, hata niwe na mawakala chini yangu mikoa yote. Nikavuka barabara na kadi ya pili. Niliichagulia maneno njia nzima, na nilipofika nikasema tu mama, karibu. Aliisoma mbele na nyuma, akafuta mikono kwanza ndipo akaishika vizuri, akasema asante bwana, nitafika Mungu akipenda.

Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vya dhahabu, na mlangoni pana zulia jekundu. Ilikuwa msimu wa baridi yetu ile, na wageni wa kutoka Dar es Salaam, akina dada waliokuja mabega wazi, walikuwa wanatetemeka wanajifunika mpaka vitambaa vya meza. Sisi wenyeji tulikaa raha mustarehe. Mtani alikuwa amevaa gauni la bluu iliyoiva alilolishona mwenyewe, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na mkoba mweusi alioupakata magotini kama mtoto. Tulimweka kati yetu. Kila mhudumu aliyepita, yeye alimwambia asante mwanangu. Kila nilichomsemesha alinijibu ndiyo bwana, hapana bwana.

Wakaanza kuita. Tawi bora, kampuni bora ya bima, chama bora cha akiba. Mshereheshaji alikuwa anachanganya Kiingereza na Kiswahili kama mtu anayepiga chapati, huku na huku. Wakala bora wa kanda wakamweka karibu na mwisho. Aliposoma jina langu mke wangu alinipiga mgongoni nusura nidondoke. Nilipanda jukwaani, mgeni rasmi akanikabidhi tuzo, picha zikapigwa. Ilikuwa ya kioo kizito, imechongwa kama mwali wa moto, jina langu limeandikwa chini na halikukosewa hata herufi moja.

Wakanipa dakika mbili. Benki walikuwa wameniandikia karatasi, sikuitoa mfukoni. Nikawaambia mimi sina cheti ukutani, ila hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwangu akisema nimemlia hela yake. Nikawaambia nilianza na boksi la viatu. Wakapiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga. Halafu nikatupa ndoano. Nikasema humu ukumbini yumo Mhehe mmoja, kwa hiyo mwenye mbwa amfunge mapema. Watu wa Songea wakacheka, wa Dar wakatazamana, mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti haraka akidhani nimeteleza ulimi. Nilimtazama yeye tu. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, vidole vinne juu ya kiganja, kistaarabu kabisa.

Nikarudi mezani. Sikuiweka tuzo mbele yangu. Niliiweka mbele yake, pembeni kabisa mwa meza, karibu na mkono wake wa kulia, nikageuka kuongea na mke wangu nikiwa nimempa mgongo. Nawaambia, zamani isingegusa kitambaa cha meza. Nilihesabu moyoni. Nikasikia kioo kinasogea, nikageuka. Alikuwa anaisukuma kwa vidole viwili kutoka pembeni kuja katikati.

"Isije ikaanguka, bwana," alisema. "Ni kioo."

Chakula kikaja. Sikumbuki nilikula nini. Yeye alikula taratibu, akafuta mikono, akaweka mkoba juu ya kiti ili arekebishe kilemba.

Sikupanga nilichokifanya. Ningekuwa nimekipanga ningejisifu, maana najijua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niliuchukua ule mkoba, nikasimama, nikaelekea mlangoni. Baada ya hatua tatu nikaanza kukimbia. Na ni hapo, nikiwa nakimbia kati ya meza na suti yangu ya kushonesha na mkoba wa kike kwapani, ndipo nilipoona kitu ambacho miaka yote sikukiona. Vitu vyote vilivyotekwa vilikuwa vyangu. Mimi sikuwahi kumteka yeye kitu. Hata uzi. Nilikaa nasubiri yeye aje, kama chifu, na alipokuja nikamwambia tuheshimiane.

Mwanamke mmoja meza ya jirani akapiga yowe kwamba kuna mtu kaiba mkoba. Mlangoni palikuwa na mlinzi aliyekuja na wale wageni, pande la mtu, hajui Mngoni wala Mhehe. Alinidaka ukosi wa koti, nikaning'inia. Muziki ukazimwa. Mkubwa wa kanda akaja mbio, akanitambua, akasema lakini huyu si ndiye mshindi? Mlinzi akasema mshindi au si mshindi, mkoba huu ni wa kike. Wakaniuliza nijieleze. Sikujieleza. Aliyeteka hajielezi, atajieleza vipi? Nikaubana mkoba kwapani, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Mlinzi akaita kwa sauti mwenye mkoba ni nani. Yeye alinyanyuka kitini polepole, akanyoosha gauni, akaanza kuja. Ukumbi mzima ulimpisha. Njia ile kutoka mezani mpaka mlangoni ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Njombe. Nilijua akisema mwacheni, ni mtu mzuri, namfahamu, basi. Nitaachiwa, nitaombwa radhi, nitarudi kitini, na mwisho wa mwezi ataondoka.

"Bibi, unamfahamu huyu?" mlinzi akauliza.

Alivaa miwani. Akanitazama kuanzia viatu.

"Sura siijui," alisema. "Ila mbio zake nazijua. Mshike vizuri, mwanangu. Hawa walianza kukimbia Afrika Kusini. Akivuka huo mlango utamfuata mpaka Malawi."

Meza za wenyeji zililipuka. Kuna mzee wa chama cha akiba alicheka mpaka akaangusha kiti. Mtani hasubiriwi akishakupa neno.

"Niachieni niende zangu," nikasema. "Mkoba wenyewe unanuka mbwa."

Nikaufungua mbele ya watu kuonyesha ushahidi. Ndani, juu ya leso na kitambulisho, palikuwa na mapaja mawili ya kuku yamefungwa vizuri kwenye kitambaa cha hoteli. Nikayanyanyua juu. Nikauliza mgeni rasmi anajua kwamba Mhehe anahama na chakula chake? Yeye hakupepesa. Akasema hiyo ni nauli ya Iringa, huko hawaendi kwa miguu kama Wangoni.

Yule dada ofisa wa kishikwambi, kumbe naye alikuwepo, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama huu ndio ule mchezo wa siku ile. Nikamwambia ndio. Akasema kama angejua asingeruka. Nikamwambia kosa halikuwa lake. Meneja wa tawi la hapa, mwenyeji, alikuwa anamweleza mkubwa wa kanda habari za watani, na mkubwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza sheria za nchi nyingine. Mlinzi aliniachia koti, akalinyoosha kwa mkono, akauliza sasa hili linaishaje. Tukamwambia lazima mkoba ukombolewe. Mtani akaukomboa kwa paja moja la kuku. Nililila pale pale mlangoni, nimesimama, na sijawahi kula kuku mtamu kama yule, wala sitakula.

Yeye alitangulia kurudi mezani. Nilipomfuata, tuzo haikuwepo. Mke wangu alikuwa anatazama dari. Kilemba cha mtani kilikuwa kimeongezeka ukubwa, au labda ni mtandio alioufunga ukawa kifurushi, sikuchunguza. Safari ya kurudi Mfaranyaki alikaa kiti cha mbele kwenye gari langu, kifurushi magotini, akanitukana kona hadi kona, matusi ya miaka mitatu aliyokuwa ameyaweka.

Aliondoka mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa. Nilimpeleka stendi alfajiri, nikambebea mabegi, akaniambia nisije nikalia nikawatia aibu wachache wa kabila langu wasiokimbia. Tuzo ilipanda basi naye, tukakubaliana nitaikomboa kwa kuku wawili. Baraza wamepanga watu wa kuchaji simu na kurekebisha redio, vijana wazuri, wananiamkia shikamoo mzee, nami nawajibu marahaba. Asubuhi nikifungua duka bado masikio yananidanganya kwamba nasikia cherehani.

Benki wamenipigia mara mbili wakitaka picha yangu nimeshika tuzo, ya kuweka kwenye kalenda. Niliwaambia iko Iringa, imetekwa. Wakasema watatumia picha ya ukumbini.

Juzi alinipigia nikiwa na foleni ya watu wanane. Akasema kioo kinashika vumbi na utunzaji una gharama zake, kuku wawili tuliokubaliana hawatoshi tena, sasa anataka mbuzi. Nikamuuliza mbuzi wa nini, mbwa wameisha huko Iringa? Akakata simu. Wateja wananitazama, msichana wangu ananiambia bosi watu wanasubiri, mimi nimeishika simu mkononi, siiweki chini, maana namjua, kakata akatafute jibu, atapiga tena.